Hatua Tisa Kupita Kigingi

Rukia mwanangu,

Kama umeanza kusoma haya, basi umeshalishika rungu, maana barua nimeizungushia mpini na kuifunga kwa utepe mweusi wa umeme. Najua hukuwa na nia ya kulishika. Ndiyo maana nimelitoa kule chini ya ngazi ulikolificha nyuma ya ubao wa kupigia pasi, nikaliweka juu ya sanduku lako. Nimekuwahi. Baba yako aliacha shule kidato cha pili, lakini ujanja hajauacha hata siku moja.

Wewe na mama yako mmekwenda Great Barr kumuaga shangazi. Mimi nimesema siwezi, goti linauma. Goti halina neno. Nilitaka meza ya jikoni iwe yangu kabla hamjarudi na magharibi. Soma polepole, na kwa sauti ikibidi. Kiswahili chako cha kusoma nakijua, kinachechemea kuliko mimi. Na usiniletee yale ya “Baba, just tell me.” Kwa mdomo siwezi. Nimejaribu wiki nzima, kila nikifungua mdomo kinatoka kichekesho.

Mambo ya Glasgow, huko unakokwenda kusoma, sina la kukuambia. Koti gani, wali unapikwaje, nani wa kumpigia ukiumwa, yote mama yako kayaandika kurasa nne na kuzibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Mimi nina jambo moja tu, nalo la aibu. Kwa hiyo niache nianze kwa kujisifu kidogo nipate nguvu.

Mimi ndiye mpigaji bora aliyewahi kusimama kwenye uwanja ule. Uliza yeyote. Au usiulize, mimi nimeshakujibu.

Hadithi ya uwanja unaijua, lakini unaijua kwa mdomo wangu, na mdomo wangu una mkono mzito kwenye chumvi. Kweli yake ni hii. Kabla hujazaliwa, Mzee Bakari alikwenda kwenye lile soko la Jumapili ambako watu huuza vitu vyao vya zamani nyuma ya magari. Akanunua mfuko mrefu wa turubai akidhani ni vifaa vya kriketi. Alicheza kriketi shuleni Unguja, na alitaka kutupa kazi sisi vijana wa Nechells, hapa hapa Birmingham, tulioshinda kwenye ngazi za fleti tukichekana. Kufungua mfuko, ndani mna rungu la mviringo, glovu zilizovimba kama mkate wa boflo, na mpira wenye mshono mwekundu. Anko Dede wako, wakati huo ametoka Kongo hana hata mwaka, ndiye aliyesema, “Mzee, hii ni michezo ya Waamerika. Niliionaka kwa televizyo.”

Mzee Bakari akaliangalia rungu, akatuangalia sisi. “Kriketi ya Wamarekani,” akasema. “Ni ile ile.”

Haikuwa ile ile. Lakini mzee aliona haya kurudisha mfuko, basi tukawa watu wa besiboli. Sheria tulizitunga wenyewe. Mkimbiaji tulimtoa kwa kumtandika mpira mgongoni kama wasichana wanavyocheza rede, mpaka Dede alipompasua mtu paji la uso ndipo tukatafuta sheria za wenyewe. Tulibadilisha karibu kila kitu. Kitu kimoja hatukukigusa, nacho ni kigingi.

Unakijua kigingi: kile chuma cha hema, chenye kichwa kilichokunjwa. Kiko kimoja tu. Kinakaa pale ulipoangukia mpira uliokwenda mbali kuliko yote tangu tuanze. Siku mtu akiupita, yule aliyepitwa ndiye anayekwenda kuking’oa kwa mkono wake, anatembea nacho mbele ya watu wote mpaka mahali papya, na anakigongelea mwenyewe kwa nyundo. Watu wanapiga makofi na kumwimbia upuuzi wowote wanaoutaka. Hakuna kutuma mtu. Hakuna kusema goti. Mkono uliopitwa ndio unaogonga.

Miaka ya mwanzo kigingi kilikuwa cha Mzee Bakari. Kisha ikaja siku yangu. Nina miaka ishirini na mitatu, wewe una miezi minne, umefungwa kanga mgongoni kwa mama yako, na Dede anarusha mpaka glovu ya mdakaji inalia. Niliupiga ule mpira, Rukia, mpaka leo kiganja kinaukumbuka. Ulipita kigingi cha mzee kwa hatua sita, ukakaa karibu na lile bonde dogo mbele ya miiba.

Unajua mzee alifanya nini? Alikunywa chai yake kwanza, akaimaliza. Kisha akauliza, “Nyundo iko wapi?” Akaenda na viatu vyake vya kazini, akakivuta kigingi, akatembea nacho tukimwimbia, akapiga magoti kwenye majani mabichi na kugonga mara tatu. Akasimama, akajipangusa, akaniambia, “Haya, nenda kakojoe usije ukafa kwa furaha.”

Nami nikamlipa nini? Mwaka mzima nilimwita Mzee Kigingi. Msikitini, harusini, hata kwenye hitima ya kaka yake, mama yako alinifinya mpaka nikatoka alama. Yeye alicheka tu. Siku moja ndiyo alinijibu: “Cheka, Sule. Lakini kile kigingi kina miguu.”

Miaka kumi na minane hakikutembea. Nikazoea. Nikadhani kimeota mizizi.

Sasa nakuomba tukae kidogo hapa, kwenye yale mabishano yetu ya nani mpigaji bora wa zama zote. Umeyasikia tangu mdogo kila Ijumaa baada ya swala, wazee na vikombe vyao. Mimi ndiye nilikuwa napiga kelele kuliko wote, na leo nataka nikuonyeshe nilikuwa napigia kelele nini.

Nilisema zama za Mzee Bakari hazihesabiki, kwa sababu waliokuwa wanamrushia walikuwa hawajui kurusha. Kweli. Sikusema kwamba walikuwa na mpira mmoja tu, ukilowa unakuwa mzito kama kiazi kikuu, mkewe aliushona kwa uzi wa gunia mara tatu. Mtu anayeupiga mpira wa namna ile akiwa na suruali ya kazini, ukimpa rungu lako jepesi sijui angeufikisha wapi. Nilijua hilo tangu zamani. Nilikaa nalo moyoni kama mtoto mwenye peremende mdomoni, akiulizwa anatikisa kichwa.

Ulipokuja wewe, nikageuza. Nikasema zama zako ndizo hazihesabiki. Rungu la alumini! Viatu vya meno! Kocha na kompyuta yake bapa, anakuonyesha bega lako likizunguka polepole kama anamenya chungwa! “Sisi tulijifunza kwa macho,” nikasema. Dede naye bega limezeeka, kwa hiyo ukimpiga Dede hujapiga kitu. Yaani mzee alikuwa na warushaji wabovu na wewe una vifaa vizuri mno, na katikati, kwa bahati iliyoje, kuna zama moja tu iliyokuwa sawasawa, nayo ni yangu. Hukuona ajabu? Mama yako aliona. Aliniambia, “Baba Rukia, mizani yako ina mawe upande mmoja.”

Ulianza na mimi lakini. Hilo nitalidai mpaka kaburini. Una miaka sita, hapa hapa jikoni, nikakupa mwiko wa ugali na kukurushia soksi zilizoviringishwa. Ulizipiga mpaka moja ikaingia kwenye sufuria ya mchuzi. Nilikufundisha kukaza mikono, kukaza, kukaza. Ukafika miaka kumi na mbili, umeingia timu ya watoto, unarudi nyumbani unaniambia, “Kocha says vidole vilegee.” Vidole vilegee! Na mbaya zaidi, ukavilegeza, na mpira ukaenda mbali zaidi.

Nilimwonea wivu mtu yule mpaka kwenye filimbi yake. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuonea wivu filimbi. Unakumbuka zile Jumamosi nilizokuambia nina ovataimu karakanani Hockley, nasugua shaba, siwezi kuja kukuangalia? Baadhi ilikuwa kweli. Nyingi, nilikuwa ndani ya gari, nimeegesha nyuma ya lile gari la kuuza chipsi, nimevuta kofia. Misimu miwili. Nilikuona ukipiga, nilikuona ukigeuka kutafuta mtu wa kumwangalia, na ukamwangalia yeye. Ningeweza kufungua mlango. Nilikaa, nikala chipsi. Ukirudi nyumbani nakuuliza, “Leo vipi?” na unanihadithia mambo niliyoyaona mwenyewe, nami nakosoa.

Bado sijafika. Hayo ndiyo mambo madogo.

Ile Jumatatu ya mwisho wa Agosti, mechi yetu ya kufunga kiangazi. Unakumbuka niliomba kucheza nje kabisa, kule bondeni, nikasema goti halitaki kukimbia. Dede akakurushia. Mimi sikuona rungu, nilisikia tu. Mpira ukija vizuri kwenye rungu la alumini hulia kama sufuria iliyoanguka, lakini ule haukulia hivyo, ulilia kwa kifupi, kama mtu aliyefunga mlango wa gari jipya. Nikainua uso. Mpira ulipita juu yangu, Rukia. Ukapita juu ya kigingi. Ukaingia kwenye miiba, kwenye vile vitunda vyeusi ulivyokuwa ukivila ukiwa mdogo mpaka meno yanageuka.

Pale bondeni mtu wa uwanjani hakuoni zaidi ya kichwa. Nikaenda, nikaingiza mkono, nikautoa mpira. Miiba ikanichana mpaka kwenye kiwiko. Nikageuka, kigingi kiko mbele yangu. Nikatembea nikihesabu, na nilihesabu vizuri, hesabu ndogo naziweza. Hatua tisa.

Nilipofika kwenye kigingi sikusimama. Nikaongeza hatua mbili nyingine, kuja upande wenu. Nikainama, nikauweka mpira kwenye majani, nikainua mkono mzima. “Huku!” nikapiga kelele. “Umeishia huku!”

Ukaja mbio, kitambaa chako cha kichwa kimekaa upande. Ukauona mpira, ukaona kigingi mbele yake, ukacheka. “So close, Baba!” Ukanikumbatia. Mimi mkono mmoja nimeuficha nyuma, unatoka damu. Jioni nilimwambia mama yako ni shaba ya kazini imenikata. Siku ya mapumziko ya serikali, karakana imefungwa, na yeye anajua. Alileta dettol na kuimwaga nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nikajiambia ni utani. Nikajiambia mwakani atapita, na siku hiyo nitagonga. Nikajiambia na hili, sikiliza: upepo ulikuwa unatoka nyuma yake, kwa hiyo hata hivyo usingehesabika. Unaona mtu anavyoweza kujishonea kanzu?

Ningekaa nalo maisha yangu yote kama si Alhamisi ya wiki iliyopita. Nilikuwa natoka chooni, ninyi mko chumbani mnapakia. Mama yako akakuuliza, “Rungu lako mbona hulipakii?”

Ukamwambia, “Nah, naliacha.”

“Kwa nini? Si umesema kuna timu huko?”

“Mama, be serious. Nimeshindwa kumpita Baba, mtu mzima na goti bovu. Huko watanicheka.”

Nilisimama kwenye korido na taulo mkononi. Miaka yote nilitaka kusikia neno hilo, kwamba umeshindwa kumpita Baba. Ndoto zangu nyingine ni fupi kuliko hiyo. Nikalisikia, na lilikuwa na ladha ya dettol.

Nikajaribu kukuambia. Ijumaa nilikuja mpaka mlangoni kwako, ukasema, “What?” nikakuuliza kama umeweka soksi. Jumamosi nikakuambia Skotlandi kuna baridi. Nilikuwa mtu wa habari kubwa wiki hiyo.

Leo mchana amekuja Mzee Bakari kukuaga, akakuta mmetoka. Kakuletea mkate wa kumimina, uko juu ya friji, ukubwa wake umepungua kidogo, usiniulize. Alikaa kwenye kiti hiki ninachokalia. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa mpira, akauweka mezani. Ule ule. Ubavuni una doa la zambarau, limekauka.

“Siku ile niliuchukua mimi,” akasema. “Hukuona. Ulikuwa na kazi ya kuficha mkono.”

Nikasema, “Mzee wangu, lile ni tope.”

“Sule. Nimekula vile vitunda na mtoto wako miaka kumi. Viko wapi uwanjani pale?”

Nikapangusa meza iliyokuwa safi.

“Viko wapi?”

“Nyuma ya kigingi.”

“Haya. Nilidhani labda vimehama.” Akanywa chai. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. “Mtu mzima! Na ndevu! Anamwibia mtoto wake mpira!” Nikamwambia asiniseme kwa watu. Akaniambia, “Kwa watu sina kazi. Mwenye mpira ndiye anayeondoka kesho.”

Nikamwuliza kitu nilichotaka kumwuliza miaka kumi na minane. Nikamwuliza siku ile nilipompita, aliona vipi. Nilitegemea aniambie alifurahi, vijana wamekua, maneno ya wazee.

“Niliona wivu,” akasema. “Sikulala siku mbili. Unadhani ile chai niliimaliza kwa sababu ya kiu? Miguu ilikataa kusimama.”

“Sasa ulikwendaje kugonga?”

“Wivu ulikuwa kwenye miguu. Mikono ilikuwa mizima.”

Hayo ndiyo aliyonipa, na mkate. Mimi sina busara ya kukufungia sandukuni, mwanangu, na wewe unajua busara zangu zinaishia wapi. Nakuambia tu nilichokiona mwilini mwangu. Nilidhani siku wivu ukiisha ndipo nitakuwa baba mzuri, nikaungoja uishe kama mtu anayengoja basi kwenye kituo kilichofungwa. Haujaisha. Naandika hapa bado ninao. Naona wivu kwa mikono yako. Naona wivu kwa kocha wako mpya huko, ambaye sijamwona na nimeshamchukia. Naona wivu kwa watu wa Glasgow ambao Jumamosi watakaa kwenye majani na kukuona bure, bila kujificha kwenye gari. Siku zote nilikuwa nasema kila zama na mpigaji wake, haziwezi kulinganishwa. Zinaweza. Mzee Bakari alipiga. Mimi nikapiga zaidi, kwa hatua sita. Wewe ukapiga zaidi yangu kwa hatua tisa, na ulinipita nikiwa nimesimama pale pale chini ya mpira, hakuna shahidi mzuri kuliko mimi.

Ulinipita, Rukia. Hukukaribia. Ulinipita.

Ukitaka kukasirika, kasirika. Una haki, na una hasira ya bibi yako mzaa mama, nitajikinga kwa mto. Ukitaka kukaa kimya mpaka Krismasi ya Waingereza, nitahesabu siku. Ila usiadhibu rungu. Lenyewe halikufanya kosa, lilifanya kazi yake vizuri mno, ndiyo shida iliyotokea.

Sasa sikiliza mpango. Treni yako ni saa nne. Mama yako anadhani tunatoka saa tatu. Tunatoka saa moja, na hatuendi moja kwa moja stesheni, tunapitia uwanjani. Nimeshatuma sauti kwenye kundi. Nimewaambia kila kitu kwa ulimi wangu, mpira, miiba, hatua tisa, na tangu hapo simu haijanyamaza. Dede kajibu kwa wimbo mzima ameutunga mwenyewe, una beti na una matusi mawili ya Kifaransa. Mzee Bakari anakuja na kiti chake na chupa ya chai. Ile miiba nimekwenda kuikata kidogo kwa mkasi wa bustani, pawe na nafasi ya mtu kupiga magoti. Nilikijaribu kigingi kama kinatoka. Kimeshika. Miaka kumi na minane, kimekunywa mvua yote ya Birmingham, kimevimba kutu kama mwenyewe. Nikakiacha. Nataka unione nikikivuta, nikihangaika nacho, na ucheke, na wao waimbe. Nikijifanya goti linauma, usinionee huruma.

Vaa vile viatu vya meno, majani yatakuwa na umande. Mpira wenye doa nimeutia kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku. Nasikia gari la mama yako linajaribu kuingia kwenye ile nafasi ndogo, kwa hiyo nakwenda kufuta makombo ya mkate.

Mwakani kiangazi narudi kucheza, nimeshaanza mazoezi ya goti, na hatua tisa si nyingi kwa mtu kama mimi. Lakini hiyo mwakani.

Kesho uje na rungu lako. Nyundo ninayo mimi.

Baba yako,
Sule